Msiba wa Dani Uliochelewa Kufika Igowole

Barabara ya Mbeya kwenda Iringa naijua. Naipita mara kwa mara kufuata vitambaa vya sare za shule, maana kazi yangu ni ushonaji hapa Uyole. Sikuwahi kufikiri kwamba ni safari ya kumsimulia mtu. Hii naisimulia kwa sababu nilimbeba mzee mmoja wa Australia aliyekuwa anakwenda kumpasha mwanamke wa Igowole habari za kifo cha kijana ambaye mwanamke huyo alimlea, wakati kijana mwenyewe ameshakaa kaburini zaidi ya miaka kumi.

Jambo lilianzia kwenye simu. Jioni moja ya mwezi wa tano nilitumiwa ujumbe wa sauti kutoka namba ngeni. Kiswahili kilikuwa kimepinda kidogo, lakini kilikuwa cha Igowole kabisa, na kilianza kwa salamu ya Kihehe.

"Atu, kamwene. Ni Baba Dani. Binti yako ameniona mtandaoni akanipa namba. Dani wetu hayupo. Alikuwa askari, akauawa kwenye vita vya Afghanistani, siku nyingi. Sikuwaambia. Nataka kumwambia Mama Festo kwa mdomo wangu. Utanisindikiza?"

Niliusikiliza nimesimama, mkasi mkononi. Kisha nikakaa.

Baba yangu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyepelekwa Igowole kufundisha useremala kwenye chuo cha ufundi cha misheni. Baba Dani naye alikuwa mwalimu wa karakana ileile ya chuo, na alikuja na mkewe na mtoto anayetambaa. Mama Festo ndiye aliyekuwa akiwapikia. Alikuwa na mtoto wake, Festo, wa umri uleule, na nimeambiwa alikuwa akiwabeba mgongoni kwa zamu, huyu asubuhi, yule mchana. Dani alikulia pale. Alisoma shule ya kijiji na sisi, akajua Kihehe kabla hajajua Kiingereza cha kuandika. Walipoondoka alikuwa amemaliza darasa la saba. Barua zake zilikuja kwa muda, zikapungua, zikakoma. Tukasema amekua, amepata rafiki zake wa kizungu, ametusahau. Ndivyo tulivyosema, na tulisema bila kumwonea haya.

Uwanja wa ndege wa Songwe nilimngoja mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu. Akatoka mzee mwembamba, nywele nyeupe, ana begi moja dogo. Nilimtambua kwa mwendo, maana alikuwa bado anatembea kama mtu aliyebeba ubao begani.

"Shikamoo, Baba Dani."

Alisimama katikati ya njia, watu wakawa wanamzunguka na masanduku yao. "Marahaba," akasema baadaye. "Kule kwetu wananiita Greg tu. Ni siku nyingi sijasikia jina hilo."

Usiku huo alilala kwangu. Alikula wali na maharage kidogo sana, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," neno alilofundishwa na baba yangu.

Alfajiri tulitoka Uyole, mimi naendesha kagari kangu ka IST, yeye amekaa pembeni amejifunika kitenge changu magotini. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa kali. Tulipoanza kuteremka kuelekea bonde la Usangu jua likachomoza, na joto likaanza kurudi mwilini. Pale Chimala, tukipita kwenye magunia ya mchele yaliyopangwa kando ya barabara, ndipo alipofungua mdomo.

"Atu, nitamwambiaje? Neno gani zuri?"

"Sema Dani ametutoka. Au amefariki. Usiseme amekufa. Kufa tunasema kwa kuku."

"Ametutoka," akasema. Akarudia. Kila baada ya kijiji namsikia anajisemea chini chini kama mwanafunzi anayekariri shairi: Dani ametutoka, Dani ametutoka. Alifanya hivyo mpaka Makambako, kwenye ule upepo unaotikisa gari, na alipoona kibao cha Nyololo akanyamaza.

Nyololo tuliacha barabara kuu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya chai, mchumaji unamwona kichwa na kikapu tu, miguu huioni. Baba Dani aliteremsha kioo akavuta hewa. Alinionyesha msitu wa misonobari mahali ambapo zamani palikuwa uwanja wa mpira. Sikumbuki alisema nini kingine. Nakumbuka mikono yake, alikuwa ameikunja kama anayesali.

Igowole tulifika saa nne. Mama Festo alikuwa nje anaanua kuni. Amezeeka, mgongo umeinama, ila macho ni yaleyale. Nilikuwa nimempigia kumwambia nakuja na mgeni, sikumwambia ni nani. Alipomwona mzee anashuka, aliangusha kuni zote.

"Baba Dani! Kamwene! Kamwene, baba yangu!" Alimkumbatia, akamshika mashavu, akamgeuza kama anayekagua mtoto aliyetoka shule. Halafu akampita. Akaja mpaka kwenye gari, akainama, akachungulia kiti cha nyuma.

"Dani yuko wapi? Mmemwacha dukani?"

Alinyanyuka polepole akatuangalia, mmoja baada ya mwingine.

"Ingieni ndani," akasema.

Sebuleni alitukalisha kwenye makochi, yeye akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Baba Dani alifungua kinywa. Nilijua neno analo, tumetembea nalo tangu Chimala. Lakini lilimponyoka.

"Dani amekufa," akasema.

Mama Festo hakupiga yowe. Alivua kilemba akakiweka mapajani. "Ugonjwa?"

"Vita. Alikuwa askari. Bomu lilikuwa barabarani."

"Lini?"

Alimweleza. Nilimwona Mama Festo anahesabu kwa namna yake. Mwaka ule aliozaliwa mjukuu wa kwanza, mwaka ule walioezeka kanisa upya. Kisha akasimama, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwa hiyo mimi nimecheka. Nimecheza harusi ya Festo. Kila Jumapili nasema, Mungu mlinde Dani huko aliko, na mtu yuko chini ya udongo. Umenifanya mjinga mbele za Mungu, Baba Dani."

"Ndiyo," akasema yule mzee.

"Kwa nini?"

"Nilishindwa. Kama ninyi hamjui, nilikuwa naona kuna mahali bado yuko hai."

Mama Festo alitoka. Tulimsikia jikoni anapasua kuni kwa nguvu. Tulikaa pale na Baba Dani hadi mchana, hakuna aliyetuletea hata maji, na katika nyumba ile jambo hilo halijawahi kutokea. Mara mbili alisimama kutaka kuondoka. Mara mbili nilimwambia akae. Ukishamletea mtu msiba humwachi nao ukaondoka.

Mchana ukipinda Mama Festo alirudi. Amevaa kitenge cheusi, macho yamevimba. Hakumwangalia Baba Dani. Aliniambia mimi: "Atu, nenda kwa mwinjilisti. Mwambie nina msiba."

"Mama, ni siku nyingi zimepita," nikasema.

"Kwako. Mimi mwanangu amekufa leo saa nne."

Jioni ile nyumba ilijaa. Sijui habari zilipitaje. Waliokuwa wanachuma chai waliacha, waliokuwa wanapalilia njegere waliacha. Wanawake waliingia ndani wakakaa chini kwenye mikeka, wanaume waliwasha moto uani. Kila mmoja alikuja na kitu, huyu debe la mahindi, huyu mzigo wa kuni, huyu viazi. Wengi hawakumjua Dani kabisa, walizaliwa baada ya yeye kuondoka. Walikuja kwa sababu Mama Festo amefiwa.

Baba Dani walimkalisha kwenye kiti karibu na moto, wakamfunika blanketi. Kila aliyefika alimpa mkono, "Pole, Baba Dani," akakaa. Mara ya kwanza aliitikia. Baadaye alikuwa anatikisa kichwa tu. Alininong'oneza kwamba siku ya mazishi kule kwao palikuwa na bendera, bunduki zikapigwa hewani, watu wakampa mkono, na kabla ya jioni alikuwa amebaki peke yake nyumbani na sahani za vitafunwa.

Asubuhi iliyofuata mwinjilisti aliongoza ibada uani. Waliimba, akasoma neno, halafu akasema kama inavyosemwa kwenye kila msiba huku kwetu: "Sasa tunaomba historia ya marehemu."

Kwa kawaida historia husomwa na ndugu, imeandikwa vizuri: kuzaliwa, shule, kazi, kuugua, kufariki. Baba Dani hakuwa amejiandaa. Aliniangalia, akaona hakuna mwingine. Akasimama na blanketi lake mabegani.

"Daniel alizaliwa mji mdogo wa wafuga kondoo, mbali na bahari," akaanza. "Alikuja hapa anatambaa. Hapa alijifunza kutembea. Mnaomjua mnamjua. Mkataba wangu ukaisha, tukaondoka. Hakutaka. Kule shuleni walimcheka anavyoongea. Hakuwa hodari wa masomo, hakuwa hodari wa mpira wao. Alipata kazi ya kunyoa kondoo, akaacha. Akafanya kazi bucha, akaacha. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa kama mtu aliyeshuka kituo ambacho si chake.

"Siku moja akaja na karatasi za jeshi. Alikuwa hajafikisha umri, mzazi lazima atie sahihi. Mama yake alikataa. Alisema, huyu mtoto hatafuti vita, anatafuta watu wa kukaa nao. Tukagombana. Mimi niliona jeshini atapata marafiki, atakuwa mtu. Nikatia sahihi. Mama yake ndiye aliyeona. Mimi sikuona. Na sijawahi kumwambia hivyo. Tuliachana, nikaondoka na maneno hayo.

"Hakuwa askari mkubwa. Hakupata nishani. Alikuwa anaendesha lori la maji na vyakula. Mara ya kwanza walipompeleka vitani alirudi salama. Mara ya pili..." Alitafuta neno, na safari hii akalipata. "Mara ya pili akatutoka. Hana mke, hana mtoto. Ni hayo."

Alikaa. Mwinjilisti alikuwa anataka kuanzisha wimbo, lakini Mama Festo alisimama katikati ya wanawake.

"Na mimi nina la kuongeza kwenye historia," akasema. "Siku ile mnaondoka, Baba Dani, gari limeshapakiwa, mtoto haonekani. Mliita mkachoka. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Alikuwa kwenye kihenge changu, amejifukia kwenye mahindi. Mimi nilijua. Aliniambia, Mama, usiseme, wakishaenda nitabaki na Festo. Nikamtoa kwa mkono huu. Alining'ata kidole, nikamvuta hivyohivyo, nikakukabidhi. Nilisema mtoto ni wa baba yake, mimi ni mpishi tu, nitamficha kwa haki gani." Akamtazama yule mzee. "Wewe ulitia sahihi. Mimi nilimtoa kihengeni. Sogea huko, nikae."

Alivuka uani, desturi au si desturi, akakaa kwenye benchi la wanaume kando ya yule mzee. Hapo ndipo Baba Dani alipolia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu wa kwetu, na wanawake wakakipokea kilio chake. Nililia na mimi. Nilimlilia kijana wa Australia ambaye nilidhani ametusahau.

Festo hakuwepo. Siku hizi analima nyanya Ilula, na mama yake alimpigia usiku wa kwanza wa msiba. Jibu lake lilikuwa fupi, kwamba nyanya zimeiva shambani, akiziacha zitaoza. "Mwacheni," Mama Festo alisema. "Ameumia vibaya." Baba Dani akasema tutamfuata.

Siku ya tatu tuliaga. Mafinga tulikunywa chai, na alasiri tukapanda kilima cha kuingia Iringa mjini. Baba Dani aliomba tupitie makaburi ya askari wa vita vya zamani, ambayo Dani aliwahi kuyaona kwenye safari ya shule. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa mistari, mengi ni ya vijana waliotoka nchi za mbali. Alitembea mstari hadi mstari, anasoma umri tu, majina hayasomi. Alipofika mwisho alisema, "Kila mmoja hapa kuna mtu alimruhusu."

Tulisimama kidogo. Huko nje ya ukuta watu walikuwa wanarudi kutoka sokoni, wanacheka.

Ilula tulifika kesho yake kabla ya jua kuwa kali. Kando ya barabara kuu nyanya zimepangwa kwenye ndoo na matenga, nyekundu tupu kwa mbali, na kila basi likipunguza mwendo wauzaji wanalikimbilia. Festo tulimkuta nyuma ya meza yake. Amenenepa, amepata upara. Alinisalimia mimi. Kwa Baba Dani alitoa shikamoo bila kumwangalia, akaendelea kupanga nyanya, kubwa juu, ndogo chini.

"Nilimtukana," akasema ghafla. "Miaka yote. Watu wakiniuliza rafiki yako mzungu, nilikuwa nasema yule ni mbwa. Tuliahidiana tutafungua karakana. Nilingoja, nikachoka, nikatukana. Namtukana maiti."

"Hukujua," nikasema.

"Sasa najua." Aligeuka kwa Baba Dani. "Alikuwa anaua watu?"

"Sijui, Festo. Sikumwuliza. Niliogopa jibu."

"Dani alikuwa hawezi kushika kuku achinjwe. Alikuwa anakimbia. Hao watu wa huko walimkosea nini? Au yeye aliwakosea nini?"

"Sijui."

Basi lilisimama, abiria wakaita, Festo hakwenda. Baba Dani alitoa simu akamwonyesha picha, kijana mwenye kofia ya jeshi, amekunja uso kwa jua. Festo aliishika karibu, akaiweka mbali, akaikuza.

"Huyu simjui," akasema, akairudisha.

"Hata mimi," Baba Dani akajibu. "Yule wa kwako ndiye nimekuja kumtafuta. Niambie habari zake."

Festo alikaa kwenye tenga lililopinduliwa. Alifikiri. "Unajua viatu vyake?"

"Viatu gani?"

"Vya shule. Alikuwa anatoka nyumbani amevaa, akifika kwenye chai anavivua, anaficha chini ya mche, tunaenda wote pekupeku. Kurudi anavivaa. Hakutaka avae peke yake."

Baba Dani alimtazama mdomo wazi. "Nilikuwa namsifu! Nilimwambia mama yake, mtoto huyu anajua kutunza viatu, haviishi!" Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Festo naye akacheka, na machozi yakawa yanawatoka wote wawili, na wauzaji wengine wakatushangaa. Tulikaa pale hadi mchana. Festo alisimulia mambo mengi, Dani kunywa ulanzi mtamu, ile pombe ya mianzi, kwa siri, Dani kuogopa daraja la miti, na mzee alikuwa anauliza tena na tena, "Halafu? Halafu?" Nilifurahi kumwona. Lakini moyo ulikuwa unaniuma, maana yote hayo tungeweza kumwambia mapema, na yeye angeweza kutuambia yake, na Dani mwenyewe, kabla ya lori lile, angeweza kupigiwa simu na Festo. Namba ilikuwa inatafutika. Hakuna aliyeitafuta.

Kurudi Mbeya tulitumia siku nzima, na kwa sehemu kubwa ya njia alilala. Jioni, nyumbani kwangu Uyole, aliomba akae chumbani peke yake na simu. Nilikuwa napika. Nilimsikia anaongea Kiingereza polepole, ananyamaza, anaongea tena. Kisha akatoka, ananinyooshea simu. "Ni mama yake Dani. Anataka wewe."

Nilifuta mikono. Mama Dani nilimkumbuka mwanamke mwenye kofia pana aliyetufundisha kusuka vikapu. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki kidogo sana, alikiokota neno kwa neno.

"Atu. Mlilia?"

"Tulilia, mama. Kijiji kizima."

"Mama Festo?"

"Amevaa nyeusi. Anakusalimu."

Nilimsikia anavuta kiti.

"Greg anasema alisimama mbele ya watu, akasema juu yangu. Mimi simwamini. Wewe ulisikia. Alisema nini?"

Nilimwangalia yule mzee. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani yangu, kichwa chini.

"Alisema wewe ulikataa kutia sahihi," nikamwambia. "Alisema wewe ndiye uliyeona, yeye hakuona. Alisema mbele ya watu wote, na mwinjilisti alikuwepo."

Nilisikia mtu analia, mbali sana, katika nyumba ambayo huenda hamkuwa na mtu mwingine. Nilikaa chini pale jikoni, simu sikioni, nikalia naye. Chakula kiliungua, tukakiacha kiungue.

Nilichojifunza ni kidogo. Habari ya kifo ni mali ya wote waliompenda marehemu, na mmoja akikaa nayo peke yake inamla. Neno lililomfariji yule mama lilikuwepo tangu siku ya mazishi, na mtu mmoja alikuwa nalo mdomoni. Lilizunguka hadi Igowole ndipo likapata pa kusemewa. Limemfikia, namshukuru Mungu. Lakini limemfikia akiwa bibi kizee, na Dani hatalisikia.